Habu za Unyasighi

Saa nne asubuhi, Fundi Antipasi alikuwa amelala chali juu ya kipande cha boksi, chini ya Datsun nyekundu ya milango miwili, akijaribisha habu ya tatu, chuma cha katikati kinachoshika gurudumu. Habu ya kwanza ilitoka kwenye teksi iliyokufa, na beringi yake haikupita kwenye ekseli. Ya pili, ya pikapu, ilipita lakini ikakwaruza breki. Hii ya tatu ilikuwa nene, ina stadi tano za kufungia rimu badala ya nne, na ilikuwa imekaa kwenye rafu ya gereji miaka miwili pamoja na mwenzake, zikiwa ndani ya gunia la mkaa.

"Hiyo je?" aliuliza Mwalimu Sixbert. Alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, kofia yake ameiweka gotini.

"Hii itakubali, Mwalimu. Ila lazima ikerezwe."

"Imetoka kwenye gari gani?"

Antipasi alitafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake. "Lilikuwa gari zito kidogo," alisema.

Mwalimu Sixbert alikuwa mstaafu, mkazi wa Ilongero. Datsun hiyo aliuziwa mwaka themanini na saba na padri aliyekuwa anahamishwa. Lilikuwa gari la mashindano, fupi kwa kimo na refu kwa pua, na kwa miaka mingi wanafunzi walijua mwalimu anakuja kabla hawajamwona. Beringi za mbele zilipoisha, alizunguka maduka yote ya vipuri Singida mjini, akaagiza Dodoma, akaagiza Arusha. Kila mahali alijibiwa kwamba vitu hivyo havitengenezwi tena. Gari likafunikwa turubai. Lilikuwa limefunikwa hivyo miezi miwili wakati binti yake Ritha alipojifungua kule Unyasighi, akavuja damu, akakosa gari la kumfikisha hospitali. Baada ya msiba mwalimu hakuligusa gari hilo miaka miwili. Kisha asubuhi moja alimwambia mkewe Martha kwamba analipeleka kwa fundi. Martha alimkatia nauli ya kurudia, hakumuuliza sababu.

Kazi ilichukua siku nne. Antipasi alizipeleka habu zile kwa mkereza vyuma, zikapunguzwa ukingo. Ili zikae kwenye ekseli nyembamba ya Datsun, alichongewa bushi mbili kutoka kwenye shafti ya zamani ya mashine ya kukamua alizeti. Diski za breki alizitoboa upya kwa mkono. Rimu za stadi tano alizipata kwa mnunua vyuma chakavu. Alipozungusha tairi la kushoto kwa kidole, lilizunguka kimya kwa muda mrefu, kisha likasimama, valvu yake ikielekea kaskazini, kuliko Unyasighi. La kulia likasimama hivyohivyo.

Mwalimu aliondoka siku ya Jumatano. Alhamisi alipiga simu.

"Fundi, linavuta."

"Linavuta kushoto au kulia?"

"Nikitoka nyumbani kwenda kanisani linavuta kulia. Nikirudi linavuta kushoto."

Antipasi alifikiri kidogo. Kwenye njia ya kanisa la Ilongero, barabara ya vumbi iendayo Unyasighi iko kulia mtu anapokwenda, na kushoto anaporudi. "Lilete Jumatatu, Mwalimu, nifunge uzi nipime matairi," alisema.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Mwalimu Sixbert alitoka kwenda kununua mashudu ya kuku. Kwenye njia panda usukani ulikataa. Hakushindana nao, alikuwa mtu wa miaka sabini na moja. Gari lilikwenda kilomita kumi na mbili likijichagulia upande mzuri wa barabara, likakwepa makorongo ambayo yeye hakuyajua, likapita mashamba ya uwele na zizi la ng'ombe, likasimama mbele ya kituo cha afya cha Unyasighi. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Ritha alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao kando ya barabara, amejifunga vitenge viwili. Miguu yake ilikuwa imevimba kidogo, kama ilivyokuwa siku zile za mwisho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Wamesema gari linakuja."

"Ndilo hili," mwalimu alisema, akamfungulia mlango.

Aliingia kwa taabu, kwa kuwa gari lile ni la chini. Njiani hakusema sana. Walipofika lami aliuliza kama mtoto amenyonya. Mwalimu alimjibu kwamba amenyonya vizuri. Mtoto huyo, Rebeka, alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, na mchana huo alikuwa amekula ugali na mlenda kwa bibi yake, akalilia kijiko.

Hospitali ya mjini, nesi wa mapokezi alichukua jina, umri na kijiji. Alifungua kompyuta, akafungua na daftari la zamani, akasoma ukurasa mmoja mara mbili.

"Mzee, huyu dada alishafariki," alisema kwa upole. "Hapa imeandikwa alifariki akisubiri gari. Siwezi kumlaza."

"Naelewa."

"Lakini kuna daftari la wanaofika. Hilo naweza kumwandika."

"Mwandike, tafadhali."

Nesi aliandika. Mwalimu alimwomba amsomee alichoandika, naye akasoma: "Ritha Sixbert, Unyasighi, amefika saa kumi na dakika tano." Ritha alishukuru, akaenda kukaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine. Mwalimu alikaa naye. Jua lilipozama alikuwa amekaa peke yake.

Nyumbani Martha alikuta damu kwenye kiti. Alileta beseni la maji baridi na sabuni ya mche, akasugua mpaka ikatoka, kwa sababu damu ukiiwahi kwa maji ya moto haitoki tena.

"Alikuwa amevaa nini?" aliuliza.

"Kile kitenge chako cha maua ya njano."

"Nilimpa akifunge tumboni," Martha alisema, akaendelea kusugua.

Jumatatu mwalimu alikwenda gereji. Antipasi alikuwa ameshaandaa uzi wa kupimia. Mwalimu alimwambia auweke chini.

"Habu zako zimenipeleka Unyasighi. Nimemkuta Ritha kwenye benchi, nimemfikisha hospitali."

Antipasi alikuwa na miaka thelathini kazini, na alijua kwamba chuma kilichozungukia njia moja muda mrefu hakiisahau. Alianza kujifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Sasa nijibu, fundi. Zilikuwa za gari gani?"

"Za gari la wagonjwa, Mwalimu. La Unyasighi."

"Nani alizifungua?"

"Mimi. Bwana Chediel, msimamizi wa kituo, alinipigia. Alitaka azifunge kwenye pikapu yake. Nilikwenda nikaliinua lile gari juu ya mawe, nikazitoa. Hazikuingia kwenye pikapu, zilipishana nusu inchi tu. Nikamwambia zinahitaji kukerezwa, akasema nikae nazo kwanza, atanipigia. Hakupiga."

"Siku gani ulizifungua?"

"Jumanne."

"Ritha alifariki Ijumaa."

"Najua."

"Ijumaa ileile."

"Najua, Mwalimu. Nilikuja kwenye msiba. Watu walisema gari lilikuwa bovu, nikanyamaza."

"Ulikula kwangu."

"Nilikula."

Mwalimu Sixbert alivaa kofia yake. Alitoka mpaka barabarani, akasimama akitazama pikipiki zikipita na abiria wawili wawili. Baadaye alirudi. Uso wake ulikuwa umelowa, naye hakuufuta.

"Zifungue," alisema. "Tuzirudishe kwenye gari lake."

Walikwenda Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku anayopatikana Chediel ofisini. Antipasi aliendesha pikipiki, mwalimu akakaa nyuma amepakata gunia lenye habu. Walifika saa tisa kasoro robo na kuweka pikipiki chini ya mgunga.

Gari la wagonjwa lilikuwa nyuma ya jengo, juu ya mawe manne. Kuku walikuwa wametagia ndani, kwenye machela. Antipasi aliangalia gia, akaangalia injini, akatoa kijiti kilichoingia kwenye bomba la mafuta. "Hili ni zima," alisema. "Betri tu na hizi. Keshokutwa linatembea."

Chediel aliwapokea vizuri. Alimwamkia mwalimu kwa heshima, akaagiza waletewe viti. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuchoka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, ningependa sana," alisema. "Lakini gari hili lilishaandikwa kwamba halifai. Likafutwa. Siwezi kupokea kipuri cha gari ambalo halipo."

"Si lile pale? Kuku wanataga ndani."

"Naliona. Kwenye karatasi halipo."

"Chediel," alisema Antipasi. "Mimi ndiye niliyezifungua. Na wewe ndiye uliyenituma."

"Una barua niliyokutuma?"

"Ulinipigia simu."

"Basi." Chediel alinyanyua mikono kidogo, akaishusha. "Andikeni barua mueleze. Mimi nitaipeleka juu."

Waliiandika palepale, kwa mwandiko wa mwalimu ulionyooka. Chediel aliigonga muhuri wa kupokelewa, akaiweka kwenye faili juu ya barua nyingine tatu. Zote zilikuwa na mihuri ya rangi ileile.

Walipotoka, Ritha alikuwa ameshafika kwenye benchi lake.

"Wamesema gari linakuja," alisema.

Mwalimu alitazama pikipiki. "Leo tuna hii tu, mwanangu."

"Siwezi kupanda hiyo, baba. Nitaanguka."

"Kweli. Huwezi."

Antipasi alimwamkia, akamwambia pole. Ritha aliitikia. Hakumjua. Walikaa naye mpaka saa kumi na nusu, mwalimu upande mmoja, fundi upande wa pili, gunia la habu likiwa katikati ya miguu yao. Wenye ng'ombe walipita wakawapa pole wote watatu. Saa kumi na nusu Ritha aliinamisha kichwa kwenye bega la baba yake, akawa hayupo. Mwalimu alibaki ameinua bega hilo kwa muda, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Kesho uzirudishe kwenye Datsun," alisema baadaye.

Tangu siku hiyo mwalimu alikwenda Unyasighi kila Ijumaa kumchukua Ritha. Aliwaachia watu wa kijiji namba yake ya simu, na siku nyingine za juma alipigiwa akaja. Alimbeba mzee aliyeumwa na nyoka, akambeba mama wa mapacha. Gari lilikimbia kama zamani, na hakuna aliyechelewa. Antipasi aliweka grisi kila mwisho wa mwezi, na hakumwachia mwalimu anunue hata kopo moja. Hawakuzungumza tena habari ya msiba. Mwalimu alikunywa chai ya gereji alipokaribishwa, ila chakula hakula.

Ijumaa moja Martha alivaa nguo za kanisani, akambeba Rebeka, akaenda na mumewe. Ritha alipokuja, Martha alimshika mikono. Alimwambia mambo kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, na mwalimu akasogea pembeni kutazama tairi. Rebeka alisimama akimwangalia mgeni.

"Mtoto mzuri," Ritha alisema. "Wa nani?"

"Wako," Martha alisema.

Ritha alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa utani na mkubwa. "Wangu ni mchanga, mama. Yuko ndani na nesi. Amenyonya?"

"Amenyonya," Martha alisema.

Rebeka alikuwa na kipande cha kiazi. Alikikata kwa meno, akampa Ritha nusu. Ritha alikipokea akakishika mkononi. Gari lilikuwa na viti viwili tu, kwa hiyo Martha na mtoto walibaki kwenye benchi, wakaliangalia likiondoka mpaka vumbi likatulia. Martha hakwenda tena. Alisema damu ataendelea kuisugua, lakini lile swali la mtoto wa nani hawezi kulijibu mara mbili.

Mvua zilipokaribia, Ijumaa nyingine, mwalimu alikuwa ameshamfungulia Ritha mlango na ameshawasha gari aliposikia watu wakikimbia. Walikuwa wamembeba mwanamke kwenye kitanda cha kamba. Jina lake Rahel, mkulima wa kijiji kile, na alikuwa amejifungua saa moja iliyopita. Nesi wa kituo alikuja nyuma yao, gauni lake limelowa damu mpaka magotini.

"Mwalimu, hatuna gari lingine," nesi alisema akihema. "Damu haisimami."

Mwalimu alitazama kile kiti kimoja. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani na haikutoka. Watu waliokibeba kitanda walimwona Ritha. Ni mtu wa kwao, walimzika wenyewe. Walisimama wakisubiri. Mwalimu alikuwa amemngojea binti yake miaka miwili na sasa alikuwa naye ndani ya gari, na gari lilikuwa linatembea.

"Baba," alisema Ritha. Alikuwa amekwisha kumwona yule mwanamke, na alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe mahali. "Mimi nilishafariki?"

Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

"Lini?"

"Kitambo, mwanangu."

Ritha alimtazama tena Rahel. Kisha alishika mlango akatoa mguu mmoja, halafu wa pili, kwa taabu ileile ya siku zote.

"Basi mwingizeni huyu," alisema. "Yangu imeisha. Yeye bado ana damu."

Alivua kitenge cha maua ya njano akamtandikia Rahel kwenye kiti. Alisaidia kumwinua, akamshika kichwa kisigonge mlango. Kisha akarudi kwenye benchi lake.

Mwalimu aliendesha. Hakuangalia kioo cha nyuma. Kilomita kumi na mbili za vumbi, kisha lami, taa zimewashwa mchana, honi mkononi. Njiani alimwambia Rahel asilale, akamuuliza majina ya ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja, naye akayataja yote. Walifika. Nesi wa mapokezi aliandika jina na saa, na safari hii alipaza sauti, watu wakaja na kitanda cha magurudumu. Saa kumi na moja daktari alitoka akasema ataishi.

Mwalimu alirudi Unyasighi moja kwa moja. Benchi lilikuwa tupu. Alikaa hapo mpaka jua likagusa vilima, akilia kwa sauti, mzee mzima, na wanawake waliokuwa wakichota maji wakaweka ndoo chini wakangoja amalize.

Ijumaa iliyofuata Ritha alikuwepo saa tisa na dakika kumi. Alisema ameambiwa gari linakuja. Aliuliza kama mtoto amenyonya. Hakukumbuka kitu, na mwalimu hakumkumbusha.

Jumatatu yake mwalimu alimweleza Antipasi yaliyotokea. Fundi alilizunguka gari mara tatu kwa kamba ya kupimia. Alisema panahitajika kiti cha tatu, ili siku nyingine asishuke mtu. Alikata bati la nyuma ya viti, akasogeza tangi la mafuta, akachomelea fremu ya mabomba, akashona godoro jembamba juu yake. Alifanya kazi hiyo siku nne mfululizo bila kufungua gereji kwa wateja wengine. Alhamisi mchana mkewe alileta ugali na kuku wa kienyeji. Antipasi alinawa, akasukuma sahani katikati, akainamisha macho. Mwalimu alikaa kwa muda. Kisha alinawa naye, akala matonge mawili.

Chediel alipandishwa cheo mwezi huo, akahamishwa wilaya nyingine. Watu walimchangia mbuzi wa kumuaga. Msimamizi mpya alikuta faili lenye barua nne, akaongeza jalada. Gari la wagonjwa lilipakwa namba nyeupe ubavuni, ya mnada, na mnada haukutangazwa. Kuku waliangua mara mbili.

Kiti cha tatu hakikukaa wazi hata mwezi. Siku moja ya Jumanne, saa tano asubuhi, Datsun liligeuka lenyewe kutoka sokoni Ilongero, likaenda kilomita kumi na mbili, likasimama. Kwenye benchi alikuwa amekaa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, mwembamba, ambaye mwalimu hakuwahi kumwona, na ambaye, naye akiwa amekosa gari, alizikwa Jumapili iliyopita.

"Shikamoo, babu," alisema. "Wamesema gari linakuja."

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Mwalimu Sixbert. "Ingia. Unaitwa nani?"